Golf GTI ya mtumba kati ya Nakuru na Kisumu: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Gari linakimbia vizuri kwenye tambarare ya Ahero karibu na Kisumu, likifika juu Timboroa linachoka, likishuka Nakuru linatulia tena. Mwenyewe anaingia gereji, anauziwa plagi, wiki ijayo sensa, mwezi ujao pampu ya petroli, na dalili iko palepale. Golf GTI nyingi za Volkswagen, Mk5 na Mk6 (kizazi cha tano na cha sita), zimeuzwa kwa hasara namna hiyo, na mimi huumia kuona hivyo, kwa sababu ni gari zuri mno kwa bei yake: nafasi ya familia, buti la kutosha mzigo wa kwenda nyumbani, na injini ya turbo ya lita 2.0 inayopanda Mau bila kuhema. Kabla hujatoa pesa ya spea yoyote, andika mambo mawili: dalili ilitokea wapi, na injini ilikuwa baridi au moto. Majibu hayo peke yake hupunguza orodha ya vyanzo ikabaki na viwili au vitatu.

Ijue injini yako kwanza

Mk5, iliyotengenezwa tangu 2004 hadi 2009, ina injini ya familia ya EA113: nguvu-farasi 200, na taimingi yake, yaani mpangilio wa kufungua na kufunga vali, huendeshwa na mkanda. Mk6, ya 2009 hadi 2013, ina EA888: farasi 210, na taimingi ni ya cheni. Inua zulia la buti penye tairi la spea, au fungua kitabu cha huduma, utaona kibandiko chenye herufi za injini. AXX au BWA ni EA113. Zikianza na CCZ ni EA888. Mtajie fundi herufi hizo kabla hajafungua boneti, maana ugonjwa mkubwa wa injini moja haupo kabisa kwenye nyingine.

Jambo jingine: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Mk5 na Mk6 zote zilizo sokoni leo zimeshaishi hapa kwa miaka kadhaa, zimepita mikononi mwa watu, na kila mmoja ameacha chake: hosi iliyofungwa kwa waya, kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) iliyochanganywa na maji ya bomba, koili ya plagi ya bei rahisi. Usiamini kwamba kitu chochote kiko kama kilivyotoka kiwandani mpaka ukione.

Halivuti mlimani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tukae hapa kidogo.

Kisumu iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni kama 1,850. Timboroa imepita 2,700. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kama gari lako ni Suzuki Swift Sport ya ZC31S yenye injini ya 1.6 bila turbo, kuchoka kwake Timboroa ni hali ya hewa. Lipeleke kwenye tambarare ya Ahero, kanyaga mafuta kwenye gia ya tatu. Likivuta vizuri pale, usinunue chochote.

GTI haina kisingizio hicho. Kompyuta ikihisi hewa nyepesi huilazimisha turbo ifanye kazi zaidi ili silinda zijae. Matokeo yake ni kwamba ufa mdogo kwenye hosi, ambao Kisumu hukuusikia kabisa, unakuwa shimo kubwa ukifika Mau Summit, kwa sababu turbo tayari inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake. Dalili ya mlimani pekee, bila kutetemeka, bila taa ya injini kupepesa, mara nyingi ni hewa inayovuja.

Anza na macho. Fuata hosi kutoka kwenye turbo hadi intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo), kisha kutoka intakula hadi throto (mlango wa hewa ya injini). Kwenye kila kiungo tafuta utando wa oili iliyonasa vumbi. Hewa ikitoroka huacha alama hiyo. Mlio wa kupuliza unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni ushahidi wa pili. Kama hakuna kinachoonekana, mwombe fundi aingize moshi kwenye mfumo wa hewa kwa mashine. Utatokea penye ufa. Halafu iangalie divata, ile vali iliyofungwa chini kwenye turbo kwa skrubu tatu. Zile zenye utando wa raba ndani huchanika. Ikitolewa, shika utando kwa kidole uuvute kidogo kuelekea kwenye mwanga. Ufa wa urefu wa ukucha unatosha kukunyima nusu ya mvuto.

Sasa kuna kuchoka kwa aina nyingine. Gari linavuta vizuri, lakini ukiendelea kukanyaga hadi mizunguko mikubwa linakatika ghafla kama petroli imefungwa, na mashine ya kupima inasoma P0087, yaani presha ya petroli iko chini. Ikiwa ni Mk5 yenye EA113, zima gari na usilikimbize tena mpaka kifaa kimoja kidogo kikaguliwe.

Pampu ya presha kubwa ya petroli ya injini hii husukumwa na kemu, shafti inayofungua vali. Kati ya kemu na pampu kuna kikombe cha chuma kinachotosha kwenye kidole gumba, mafundi hukiita folowa. Uso wake umepakwa rangi nyeusi ngumu. Kemu inaupiga uso huo bila kupumzika, rangi inalika, chuma kinalika, mwisho kikombe kinatoboka na kemu inaanza kuusaga mpini wa pampu. Kutoka hapo unanunua folowa, pampu na kemu pamoja, na vumbi la chuma limeshaingia kwenye oili.

Kukikagua hakuhitaji kushusha injini. Gari lilale usiku mzima lipoe, presha ya petroli ishushwe kwanza, hakuna moto wala sigara karibu, kisha pampu inafunguliwa na kikombe kinachomolewa. Uso mweusi wote: rudisha. Duara linalong'aa katikati, nyeusi imebaki pembeni: badilisha leo, ni spea ya bei ndogo. Ukiona shimo au kingo kali, itoe kemu uikague pia. Binafsi ningekitazama kila kilomita 20,000 hadi 30,000, na ningekitazama siku ya kwanza kabisa baada ya kununua gari, hata muuzaji aape vipi. Mk6 yenye CCZ ina rola mahali hapo, kwa hiyo fundi akikuambia Mk6 yako imekula folowa, mwombe akuonyeshe.

Linamisi na kutetemeka

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika gereji. Ikipepesa, ondoa mguu kwenye mafuta sasa hivi. Petroli isiyochomwa inamiminika kwenye ekzosti na kuichoma katalisti (kisafishio cha moshi), na katalisti ni ghali kuliko vitu vingi vinavyosababisha misi, yaani silinda kushindwa kuchoma petroli sawasawa.

Mashine itakupa namba kama P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Haijakuambia kwa nini. Usikubali kununua koili nne. Mwambie fundi ahamishe koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, ile ya tatu aiweke ya pili, afute makosa, mwende raundi moja ya mlima mfupi. Kutoka Mamboleo kupanda kuelekea Kiboswa panafaa sana kwa sababu misi ya koili hupenda kujitokeza injini ikibeba mzigo. Ukirudi ukakuta P0303, kosa limefuata koili, na umepata jibu bila kutumia hata shilingi. Likibaki P0302, badilishaneni plagi kwa njia ileile. Likibaki bado, hapo ndipo injekta na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) huingia kwenye mazungumzo.

Misi ya asubuhi ni kitu kingine. Injini inatetemeka ikiwa baridi, kwa mfano alfajiri ya Molo au Nakuru, kisha inatulia ikipata joto. Injini zote mbili hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli. Mvuke wa oili huzigandia na kuwa masizi magumu. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kusafisha hapo, kwa sababu petroli haipiti hapo. Okoa pesa hizo. Njia inayofanya kazi ni kutoa menifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na kukwangua vali kwa mkono, au kuzipuliza kwa maganda ya jozi yaliyosagwa ikiwa gereji ina mashine. Ni kazi ya siku nzima, na gari hurudi na sauti tofauti kabisa.

Mlio wa cheni ukiwasha asubuhi

Hii ni ya Mk6. Ukiwasha injini iliyolala, ukasikia mkwaruzo wa chuma upande wa taimingi kwa sekunde chache kisha ukanyamaza, kikaza cheni kimechoka. Kunyamaza si kupona. Kikiachia, cheni inaruka meno na vali zinagonga pistoni. Usiende safari ya Busia na mlio huo. Ita gari la kuvuta, lako lipelekwe gereji.

Ndiyo sababu unapokwenda kununua unaweka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi na asiliwashe.

Mk5 haitoi mlio wowote kabla mkanda wake haujakatika, na matokeo ni yaleyale. Kama hakuna risiti inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Badilisha pamoja na kikaza chake na pampu ya maji kwa sababu kazi ya kufikia hapo ni moja.

Giaboksi ya DSG inaruka au kusita

GTI za Mk5 na Mk6 zisizo na klachi ya mguu zina DSG ya gia sita, klachi mbili zinazoogelea kwenye oili. Ikianza kushtuka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili kwenye msongamano wa Kondele, swali la kwanza ni oili ilibadilishwa lini. Kiwanda kinataka kila kilomita 60,000, pamoja na filta yake. Wengi huku huambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha. Sivyo kwa hii.

Mtazame anayeibadilisha. Kimo cha oili hupimwa giaboksi ikiwa na joto la kati ya digrii 35 na 45, injini ikiwa inawaka, na joto hilo husomwa kwa kompyuta. Fundi anayemimina tu na kufunga hajui ameweka kiasi gani. Oili ya ATF ya giaboksi otomatiki za magari mengine hairuhusiwi humu.

Dalili ikija tu ukiwa umefuata malori kwa kutambaa, kama pale Salgaa kuelekea Sachangwan, tatizo linaweza kuwa namna ya kuendesha. Kutambaa nusu-nusu, au kulishikilia gari mlimani kwa mguu wa mafuta, huzipika klachi. Simama kabisa kwa breki, acha nafasi ifunguke mbele, kisha nenda moja kwa moja.

Golf ya 1.4 TSI yenye gia saba ni hadithi nyingine: klachi zake ni kavu, na kifaa chake cha mekatroniki, kinachobadilisha gia, kina sifa mbaya. Herufi za gia zikianza kupepesa kwenye dashibodi, au gari likikosa gia za shufwa au za witiri zote kwa mara moja, ujue ni mekatroniki na jiandae kwa gharama. Mimi nikiulizwa na mwenye bajeti ndogo, namwelekeza kwenye GTI ya gia sita au ya manyuali, na si hiyo.

Joto linapanda

Mshale wa joto wa Volkswagen umetengenezwa ukae katikati, penye 90, hata joto halisi likicheza juu na chini kwa digrii nyingi. Ukiuona umesogea, injini imeshapata taabu kitambo. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu kitakuonyesha joto halisi, na kwa safari za Mau nakishauri kwa moyo wote.

Likipanda ukiwa umesimama kwenye joto la Kisumu, kisha likashuka ukianza kutembea: feni haifanyi kazi. Likipanda kwenye mlima mrefu na feni inazunguka: kulanti imepungua, rejeta imeziba, au themostati haifunguki. Kama chupa ya kulanti inapungua na hakuna dimbwi chini, nusa na utazame. Ukoko wa waridi uliokauka chini ya menifoldi ya hewa upande wa giaboksi ni pampu ya maji inayovuja, ugonjwa wa kawaida wa EA888, na plastiki yake huchoka kwa joto.

Usipuuze kifuniko cha chupa ya kulanti. Maji ya wazi Nakuru huchemka kwenye digrii 94 hivi, na Timboroa kama 91, joto ambalo injini hii hulifikia ikifanya kazi ya kawaida. Kinachozuia kuchemka ni kulanti halisi na presha inayoshikiliwa na kifuniko. Kifuniko kilicholegea Kisumu kinaweza kukuvumilia. Juu huko hakitakuvumilia. Na ukilazimika kuongeza maji ya bomba njiani, ongeza ufike, kisha mfumo uoshwe na kulanti sahihi ya familia ya G12 irudishwe. Usichanganye na ya kijani.

Breki zinapokusaliti mteremkoni

Kutoka Nandi Hills kushuka Chemelil, au kutoka Kericho kushuka Kipsitet hadi Awasi, breki hufanya kazi bila kupumzika. Dalili nne hufanana kwa dereva mwenye hofu, lakini vyanzo vyake ni mbalimbali.

Pedali ni ngumu, kuna harufu ya kuungua, na gari halisimami: pedi zimezidiwa na joto. Pedali inazama hadi sakafuni: mafuta ya breki yamechemka, kwa sababu hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yenye maji huchemka mapema. Yabadilishwe kila miaka miwili, DOT 4, hata kama rangi yake inapendeza. Usukani unatikisika ukikanyaga: diski za mbele zimekuwa na unene usio sawa, au rimu imefungwa juu ya kutu. Gari linavuta upande mmoja na rimu moja ni moto kuliko nyingine: kalipa, kishikio cha pedi, imekwama. Hii ya mwisho huyapata sana magurudumu ya nyuma, ya Golf na ya Swift Sport pia, na pini zake zikisafishwa na kupakwa grisi ya breki mara nyingi hupona bila kununua kalipa.

Pedali ikizama ukiwa kwenye mteremko, ikanyage na kuiachia haraka-haraka, shusha gia, vuta breki ya mkono polepole, na elekea pembeni kunakopanda. Kabla ya kuanza kushuka, weka DSG kwenye manyuali, gia ya tatu au ya pili, na uache injini ishike gari.

Kugonga chini

Mlio mdogo wa kugonga haraka, tak-tak, ukipita njia ya murram taratibu: linki za stabilaiza, spea rahisi na ya kwanza kuchoka. Mlio mmoja mzito wa kugonga ukifunga breki au ukiondoka: bushi za amu au mauntingi ya injini. Mvumo unaoongezeka na kasi, unaobadilika ukipinda: beringi. Ukipinda kushoto mvumo ukazidi, shuku ya kulia, kwa sababu uzito umehamia huko.

Kuhusu tairi nina msimamo. GTI nyingi zimevalishwa rimu za inchi 18 na tairi 225/40, ambapo ukuta wa tairi ni milimita 90 tu. Mashimo ya barabara zetu hupinda rimu hizo na kuvimbisha ukuta wa tairi. Rudi inchi 17 na 225/45, upate ukuta wa milimita 101. Usukani hautapoteza kitu utakachokihisi mlimani Riat, na utaacha kununua rimu. Gari lililoshushwa springi na mwenyewe wa awali lirudishwe kimo chake kama unaishi huku, maana matuta ya masoko hayajali. Angalia pia plastiki ya kukinga injini chini. Nyingi zimechanika zikatupwa, na sampu ya oili imebaki wazi kwa mawe.

Oili inapungua

Mk6 ina sifa ya kunywa oili. Kiwanda hukubali hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho mimi nakiona kikubwa mno, lakini hakimaanishi injini imekufa. Anza na vali ya kupumua ya injini, ile iliyo juu ya kifuniko cha vali. Legeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inawaka: kikinyonywa kwa nguvu kiasi kwamba ni vigumu kukiinua, na kuna mlio wa filimbi, vali hiyo imechanika ndani. Ni spea ya kubadilisha kwa dakika chache. Ikiwa nzima, tazama moshi. Wa buluu ukiwasha baada ya kulala huelekeza kwenye sili za vali. Wa buluu ukikanyaga mafuta mlimani huelekeza kwenye ringi au turbo.

Pima stiki kila unapojaza tangi, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano. Tumia oili yenye namba VW 502 00 au 504 00 kwenye kopo, na uibadilishe kila kilomita 7,500 hata kitabu kikisema zaidi, kwa sababu vumbi la murram na kupanda Mau kila wiki huichosha oili haraka. Ikipungua zaidi ya nusu lita kwa kilomita 1,000 baada ya vali ya kupumua kubadilishwa, pimisha kompresheni ya silinda zote nne kabla hujaamua kufungua injini.